Viungo Vina Saa Zake Motoni

Kuanzia Juni, masika yakishasahaulika na jioni za Tabora zikiwa na ubaridi unaowavuta watu karibu na mkaa, jiko la kuchomea hutolewa uani katika kila nyumba yenye mgeni. Mbuzi anachinjwa au kuku anakamatwa. Mpishi anafungua pakiti ya viungo vya kiwandani, anaimimina yote kwenye beseni la nyama pamoja na kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, chumvi na mafuta, anachanganya kwa mkono na kupeleka motoni. Nusu saa baadaye nyama imekuwa nyeusi kwa nje, ina uchungu kidogo ulimini, na viungo vyote vilivyonunuliwa kwa fedha nzuri vimebaki na ladha moja ya kuungua.

Kila nitakachokushauri hapa kinatokana na beseni hilo. Viungo havistahimili moto kwa namna moja. Chumvi inataka muda mrefu na nyama kabla moto haujawashwa. Giligilani na bizari nyembamba zinaweza kukaa juu ya mkaa zikilindwa na mafuta. Asali, pilipili manga na karanga zinatakiwa kusubiri mpaka nyama inakaribia kuiva, au mpaka imetoka kabisa. Mchanganyiko mzuri wa kuchomea, basi, hauwezi kuwa unga mmoja wa chupa moja. Gawa viungo kufuatana na saa vinapokutana na moto, na hata vile ulivyo navyo jikoni sasa vitakupa nyama nyingine kabisa.

Mpishi wa Tabora ana mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili. Mji huu ulikua pale njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, mkono mmoja ukielekea Ujiji na mwingine ukipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wasafiri Burton na Speke walipoingia Kazeh, kama mji huu ulivyoitwa wakati huo, mwezi Novemba 1857, waliwakuta Waarabu wa Oman na Unguja wameshajenga matembe na kulima bustani. Biashara iliyowaleta ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu waliotiwa utumwani, na hakuna harufu ya pilau inayoweza kuifunika historia hiyo. Lakini wapwani waliobaki walileta pia upishi wao, na upishi huo ulikutana na vitu ambavyo Unyamwezi ilikuwa navyo tangu zamani: asali ya miombo, ukwaju wa porini, karanga za shambani, na chumvi iliyotoka Uvinza upande wa magharibi. Ladha mbili hizi, ya pwani na ya bara, ndizo ninazozitumia hapa chini. Karibu kila kitu utakipata kwa siku moja ya kuzunguka soko kuu.

Tuanze na chumvi, kwa sababu ndiyo inayoingia kwanza, tena peke yake.

Chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameziona tabaka za majiko na vigae vya vyungu vya wachemshaji. Chumvi hiyo ilisafiri mbali kabla msafara wa kwanza kutoka pwani haujafika. Ukiipata ya punje kubwa, itwange kidogo, maana kijiko cha punje kubwa kinabeba chumvi pungufu kuliko kijiko cha chumvi laini, na hapo ndipo vipimo vinapoharibika. Chagua ile yenye madini joto. Kwa kilo moja ya nyama weka kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, kilichosawazishwa, yaani kama gramu 9. Ipake pande zote, uiache nyama mahali pa baridi. Chumvi kwanza huvuta maji ya nyama yatoke. Baadaye inayeyuka ndani ya maji hayo na kuanza kuingia, na nyama inapata uwezo wa kushika majimaji yake motoni. Mguu mzima wa mbuzi uache usiku kucha kama una friji. Mbavu zipe saa mbili au tatu. Vipande vya mishikaki vinatosheka na dakika arobaini.

Kama umechelewa na wageni wameshaketi, usipake chumvi robo saa kabla ya kuchoma. Wakati huo maji yametoka lakini hayajarudi, na nyama iliyolowa juu hutokota kwa mvuke badala ya kupata rangi. Katika hali hiyo tia chumvi pale pale unapoiweka juu ya wavu. Na kwa vyovyote vile, futa unyevu wa juu kwa kitambaa safi kabla ya hatua nyingine.

Ndimu usiilaze na nyama. Ukali wake hukaza nyama upande wa nje na kuifanya kuwa kavu, na siku hizi naiona desturi ya kulaza mishikaki ndani ya ndimu usiku mzima ikienea hata kwa wachomaji wazoefu. Kamulia ndimu mwishoni, mezani. Kama nyama ni ya ng'ombe mzee au beberu, kilainishi chake ni papai bichi: kwangua kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, pamoja na utomvu wake, pakaza, acha nusu saa hadi saa moja, kisha futa. Papai lina kimeng'enya kinachokatakata nyuzi za nyama. Ukikiacha usiku kucha utaamka na nyama iliyogeuka uji upande wa juu huku ndani ikiwa ngumu vile vile.

Sasa unga wenyewe. Nunua viungo vizima, visivyosagwa. Unga uliokaa kwenye vifuko vya plastiki mezani pa muuzaji tangu asubuhi, jua la Septemba likiupiga, umeshapoteza mafuta yake ya harufu, na hakuna wingi wa vijiko utakaoyarudisha. Kabla ya kulipa, sugua punje kati ya vidole na kunusa. Karafuu bonyeza kichwani kwa ukucha. Nzuri inaacha mafuta. Nyingi ya karafuu tunayonunua bara hutoka Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, wakati ule ule Livingstone alipokuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Pemba ilinusurika zaidi, ikashika uongozi wa karafuu mpaka leo.

Kipimo changu kwa nyama nyekundu ni hiki. Mbegu za giligilani vijiko vinne vya chakula, bizari nyembamba, ambayo wengine huiita uzile, vijiko viwili, iliki nane, karafuu sita, mdalasini kipande cha urefu wa kidole kidogo, na robo ya kungumanga iliyokwanguliwa. Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Tia giligilani kwanza, ukitikisa kwa dakika tatu hivi mpaka ibadilike rangi kidogo na harufu ipande. Itoe. Bizari nyembamba inahitaji dakika moja tu, kwa sababu punje zake ni nyembamba na huungua ukigeuka kumwitikia mtu. Ndiyo maana nakusihi usizikaange pamoja. Karafuu, iliki na mdalasini zitie kikaango kikiwa kimeshaepuliwa, zipate joto la mabaki. Acha vyote vipoe kabisa, kisha twanga kwenye kinu na uchekeche. Ukitwanga vikiwa vya moto, mvuke wake utafanya unga ushikane mabonge na kuuharibu ndani ya wiki chache.

Usishawishike kuongeza karafuu. Sita zinatosha kwa kiasi hiki chote. Karafuu ina mafuta yale yale yanayotumika kutuliza jino linalouma, na ikizidi inatia ganzi ulimi, nyama ikanukia kama chumba cha daktari wa meno. Mkono mwepesi kwenye karafuu ni jambo ambalo wapishi wa pwani hulielewa vizuri, na sisi wa bara, kwa kuwa tunaipata kwa nadra, tunaelekea kuikaribisha kwa wingi mno.

Kwa kilo moja ya ng'ombe tumia kijiko kimoja cha chakula cha unga huu. Kwa mbuzi mchanga nusu yake, maana nyama yake ina harufu yake yenyewe inayostahili kusikika. Changanya unga na vijiko viwili vya mafuta ya alizeti kwanza, ndipo upake nyama, nusu saa kabla ya moto. Mafuta yana kazi mbili. Harufu nyingi za viungo huyeyuka ndani ya mafuta kuliko ndani ya maji, kwa hiyo zinasambaa vizuri. Na mafuta hufunika chembe za unga zisiguse moto zikiwa kavu. Kitunguu saumu na tangawizi usizipake kama rojo, kwa kuwa vipande vyake vidogo ndivyo vya kwanza kuungua na kutoa uchungu. Twanga pamoja na maji vijiko viwili, kamua kwa kitambaa, na utumie maji yake tu. Makapi yatie kwenye supu au kwenye maharage.

Moto nao una viungo vyake, kwa sababu moshi ni ladha. Mkaa wa miombo ni mgumu na hukaa muda mrefu, lakini usiweke nyama mpaka kila kipande kimevikwa jivu jeupe. Kisha sukumia mkaa upande mmoja wa jiko, upande mwingine ubaki mtupu. Upande wenye mkaa ni wa kupatia rangi, upande mtupu ni wa kuivishia. Weka kiganja juu ya wavu kimo cha shubiri: ukishindwa kuvumilia baada ya sekunde mbili au tatu, moto ni mkali, ukifika sita, ni wa wastani. Nyama iliyopakwa viungo ianze juu ya mkaa, moto ukiwa wa wastani. Mafuta yakidondoka na miale ikapanda, hamisha nyama mara moja upande mtupu, usinyunyize maji, kwani jivu litaruka na kuganda kwenye viungo vyako. Usichomee mbao zenye rangi au dawa. Na kwa kuwa mkaa huu unatoka kwenye misitu ile ile inayolisha nyuki wetu, washa unaotosha tu. Kilo mbili za nyama hazihitaji jiko lililojaa mpaka ukingoni.

Asali ndiyo ninayoipenda kuliko kiungo chochote cha Tabora, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Sukari iliyomo ndani yake hugeuka nyeusi haraka kuliko sukari ya kawaida, kwa hiyo nyama iliyolazwa na asali tangu mchana itakuwa mkaa kabla haijaiva. Ipake dakika tano za mwisho. Loweka ukwaju gramu 100 ndani ya kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, ufikiche, uchuje mbegu na nyuzi. Chemsha rojo hilo na asali vijiko vitatu vya chakula, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na pilipili mbuzi moja iliyotobolewa lakini haijapasuliwa, mpaka lishike mgongo wa kijiko. Toa pilipili. Kuku au mbavu zikikaribia kuiva, pakaza kwa brashi, geuza baada ya dakika moja, pakaza tena, geuza. Mara tatu zinatosha. Utaona nyama inang'aa na kuwa na rangi ya mninga.

Tumia asali ya nyuki wakubwa kwa rojo hili. Ile ya nyuki wadogo, yenye uchachu wake na uwepesi kama maji, ni hasara kuichemsha. Idondoshee nyama ikiwa sahanini, pamoja na ndimu, basi. Watoto walio chini ya mwaka mmoja wasipewe asali ya aina yoyote, hata iliyo kwenye nyama.

Kwa kuku wa kienyeji kuna utaratibu wa ziada. Ni mgumu, na moto pekee utamkausha kabla hajalainika. Mchemshe kwanza kwa maji machache yenye chumvi na tangawizi mpaka mfupa wa paja uanze kulegea, umtoe, apoe na akauke juu, ndipo umpake mafuta na kijiko cha chai cha unga ule na kumpeleka motoni kupata rangi. Supu ihifadhi. Kuku wa kisasa anaweza kwenda moja kwa moja kwenye wavu, ila toboa sehemu nene ya paja kabla ya kumtoa: maji yakiwa bado yana wekundu, hajaiva, na hilo halina mjadala. Sahani iliyobeba nyama mbichi isirudi kubeba iliyoiva, na rojo lililolazia nyama mbichi lisitumike kama mchuzi. Ng'ombe na mbuzi nunua penye muhuri wa mkaguzi wa nyama.

Tukifika kwenye viungo vya mwisho, yaani vya baada ya moto, tuna jirani wa kujifunza kwake upande wa pili wa bara letu. Wahausa wa kaskazini ya Nigeria wana mishikaki yao iitwayo suya, inayovikwa unga wa karanga zilizokamuliwa mafuta, tangawizi kavu na pilipili. Tabora inalima karanga kwa wingi, tunazitwanga kwa mchicha na kisamvu, lakini ni nadra kuzikuta kwenye nyama choma. Jaribu hivi: kaanga kikombe kimoja cha karanga bila mafuta, menya maganda, twanga, kisha funga unga huo ndani ya kitambaa na uukamue mafuta kwa nguvu. Changanya na tangawizi kavu kijiko cha chai kimoja, pilipili kavu iliyosagwa kijiko kimoja na chumvi nusu kijiko. Wahausa huupaka kabla ya kuchoma na kuongeza baada ya kuchoma. Kwa moto wetu wa mkaa mkali napendelea kuviringisha mishikaki ndani yake dakika mbili za mwisho, na mwingine kuunyunyiza mezani. Kabla ya kukaanga, pepeta na kuchagua karanga kwa uangalifu, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Waulize wageni kama yupo mwenye mzio wa karanga.

Pilipili manga nayo iweke kundi hili. Ikipigwa na moto mrefu hupoteza manukato na kubakiza ukali mkavu unaokwaruza koo. Isage pale pale mezani, punje chache, nyama ikiwa inatoa mvuke. Wali au ugali hautakuwa na malalamiko.

Samaki nina machache ya kusema juu yake. Migebuka ikifika kutoka Kigoma, au sato kutoka Mwanza, usiiguse kwa unga wa nyama nyekundu. Chumvi robo saa, manjano kijiko cha chai, maji ya tangawizi, mafuta. Chanja mikato mitatu kila upande, choma kwa moto wa wastani, geuza mara moja tu. Ndimu mwishoni.

Usiisahau pia kazi ya kachumbari. Nyama yenye asali na ukwaju inataka kachumbari isiyo na sukari wala nyanya nyingi: kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbichi na majani ya giligilani. Nyama ya chumvi tupu ndiyo inayotaka nyanya. Mahindi ya kuchoma, mihogo na viazi vitamu vinapokea unga wa karanga vizuri sana, na kwa watoto ambao hawali pilipili huo ndio mlango wa kuwazoesha: toa pilipili, bakiza tangawizi na chumvi.

Hifadhi unga wako wa viungo kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabatini, mbali na jiko, ukiwa umeandika tarehe juu yake. Joto na mwanga ndivyo adui zake. Uliotwangwa utumie ndani ya miezi mitatu. Viungo vizima hukaa mwaka mzima bila kuchoka, kwa hiyo twanga kidogo kidogo, kiasi cha kuchomea mara tatu au nne. Unga wa karanga usizidi wiki moja, kwa sababu mafuta yaliyobaki ndani yake huchacha. Na kama mvua za Novemba zikianza ungali na unga wa nyama chupani, ukaange kwa mafuta na kitunguu kwa nusu dakika, kisha umimine humo kunde au maharage yaliyokwisha kuiva, pamoja na kijiko cha rojo la ukwaju.